Volti Sita za Kwanza

Ford 8N ni trekta dogo. Mtu wa kimo cha kawaida akisimama kando yake anaona upande wa pili bila kuinua kidevu. Boneti na madigadi ni ya kijivu, injini na giaboksi ni nyekundu, na ukifungua kifuniko kidogo mbele ya usukani unaikuta betri ya volti 6. Kati ya 1947 na 1952 kampuni ya Ford ilitengeneza zaidi ya nusu milioni ya matrekta hayo nchini Marekani, na mengi hayajastaafu: yanakata nyasi, yanasukuma theluji, yanavuta tela la kuni. Ila asubuhi za baridi kali mambo huwa mengine. Mwenye trekta anabonyeza kitufe, stata inaizungusha injini nusu mzunguko, inaguna, inakwama. Hapo ndipo hatakosekana mtu, jirani au shemeji, mwenye ushauri ambao wenye matrekta ya aina hii wameusikia tangu enzi za baba zao: ng'oa huo umeme wa kizamani, weka volti 12.

Ushauri wenyewe hauna ubaya. Kasoro iko kwenye sababu inayotolewa, kwamba volti 6 ni dhaifu na 12 zina nguvu. Trekta hili lilinunuliwa na wakulima wa Minnesota na Dakota, majimbo ambayo majira ya baridi huko hayana mzaha, na liliwaka kwa volti hizohizo 6. Kama lilikuwa linawaka mwaka 1950 na sasa haliwaki, kuna kitu kimebadilika katikati, na kitu hicho hakiwezi kuwa idadi ya volti, kwa kuwa idadi haijabadilika.

Naona kuna sababu mbili za kupandisha umeme wa trekta kuukuu. Ya kwanza ni kukimbia ugonjwa ambao mtu hajataka kuutafuta. Ya pili ni kulihamishia trekta kwenye mtaa wanakoishi wenzake wa leo. Kazi zote mbili hutumia vipuri vilevile na spana zilezile, na zikiisha huwezi kuzitofautisha kwa macho. Lakini trekta lenyewe litazitofautisha, baada ya mwaka mmoja au miwili.

Tuanze na ugonjwa. Stata ya injini ni mashine yenye ulafi. Tuseme inahitaji wati 900 ili iisukume injini iliyolala usiku kucha kwenye oili iliyoganda. Kwa betri ya volti 6, wati hizo zinataka mkondo wa ampea 150. Kwa betri ya volti 12, stata iliyotengenezwa kwa volti hizo itafanya kazi ileile kwa ampea 75. Sasa weka njiani ukinzani mdogo sana, sehemu moja ya mia ya omu, kiasi ambacho hutokana na kutu kidogo kwenye kichwa cha betri na nati moja iliyolegea. Kanuni ya Ohm inasema kwamba ampea 150 zikipita hapo zinapoteza volti moja na nusu. Kwenye 6, hiyo ni robo nzima. Stata inabakiwa na 4.5 na haina namna ila kuguna. Ampea 75 zikipita palepale zinapoteza robo tatu ya volti, na kwenye 12 hiyo ni hasara ambayo hakuna atakayeihisi. Joto linalopotea kwenye kiungo kile nalo linashuka hadi robo, kwa maana hasara hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo. Ni kama wapagazi wanaopita kwenye mlango mwembamba: mlango haujapanuliwa hata inchi, ila kila mmoja anabeba magunia mawili badala ya moja, basi wanaopita ni nusu na msongamano unapungua.

Kwa hiyo volti 12 hazikuongeza nguvu kwa maana ambayo jirani aliikusudia. Zilisamehe kutu. Kiungo kilichooza kimebaki kimeoza, na kitaendelea kuoza. Kilichobadilika ni kwamba sasa kinaweza kuoza zaidi kabla mwenye trekta hajapata habari.

Tazama kiungo hicho kwa karibu. Waya mzito unatoka betri ukiwa umevishwa mpira mweusi, na mwisho wake una kipete cha shaba kinachofungwa kwa bolti. Kwa nje kinaonekana kizima. Ukifungua bolti na kukipindua, upande wa chini una unga wa kijani, na pale waya unapoingia kwenye kipete nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi, nyingine zimekatika. Ukikata mpira inchi mbili juu unaukuta weusi uleule ukipanda ndani kwa ndani. Brashi ya waya na msasa vinatosha kwa kipete. Kwa waya wenyewe dawa ni kununua mwingine. Hapa ndipo wengi hujikwaa, maana waya wa betri unaouzwa madukani leo umekusudiwa magari ya volti 12, na ni mwembamba. Mfumo wa volti 6 unataka waya mnene karibu kama kidole gumba. Mtu ananunua ule mwembamba, mpya kabisa, unang'aa, anaufunga vizuri, na trekta linazidi kuguna. Anahitimisha kwamba volti 6 hazifai. Ukweli ni kwamba ameshaanza kulihamisha trekta bila kujua: waya uko kwenye volti 12, betri bado iko kwenye 6.

Kisa kingine ni cha rangi. Kwenye trekta, kama ilivyo kwenye gari, umeme huenda kwa waya na kurudi kwa chuma cha bodi. Waya mmoja wa betri umefungwa kwenye chuma hicho, na stata nayo hutegemea mguso wake na kasha la injini. Basi mtu anaamua kulifufua trekta la babu yake. Analifungua lote, analisugua, analipiga rangi nyekundu na kijivu mpaka linameremeta, na anapolifunga tena anaweka kila kipande juu ya rangi mbichi. Rangi haipitishi umeme. Trekta lililokuwa chafu na lililokuwa likiwaka sasa ni safi na limenuna. Dawa yake ni kukwangua sehemu ndogo, ya upana wa sarafu, mpaka chuma kionekane cheupe. Inauma kuikwangua rangi mpya, na ndiyo maana wengine huona afadhali kununua volti zaidi.

Kupima hakuhitaji utaalamu mkubwa. Chukua multimita, weka ncha moja juu ya kichwa chenyewe cha betri, si kwenye klempu yake, na nyingine kwenye bolti ya stata, kisha mtu mwingine abonyeze kitufe. Kama njia ni nzima, mita itaonyesha sehemu ndogo ya volti. Ikionyesha volti nzima au zaidi, umeshajua moja ya zile 6 inaishia wapi. Rudia upande wa pili, kutoka kasha la stata hadi kichwa kinachoshika bodi. Dakika chache zinatosha, na hakuna kipuri kilichonunuliwa.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na nimeisema kwa ukali kidogo. Sababu ya pili inastahili heshima.

Mitambo haiishi peke yake. Betri ya volti 6 ya mwaka 1950 ilikuwa na ndugu kila mahali: gari la mwenye trekta, lori la maziwa, gari la mchungaji, yote yalikuwa ya volti 6. Betri ikifa, mtu alisogeza gari kando ya trekta, akaunganisha nyaya, akabusti, kazi ikaendelea. Kisha magari ya Marekani yakaanza kupata injini kubwa za V8 zenye mgandamizo wa juu, zilizotaka stata kali na cheche kali zaidi, na watengenezaji wakahamia volti 12. Baadhi ya magari ya General Motors yalihama mwaka 1953, Chevrolet ikafuata kwa magari ya 1955, Ford kwa yale ya 1956. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilichelewa hadi miaka ya sitini. Ford 8N lilikuwa limeshaacha kutengenezwa. Halikuharibika, halikupungua hata volti moja. Ni majirani waliohama, likabaki peke yake mtaani.

Upweke huo una gharama zake. Betri ya volti 6 yapaswa kuagizwa, na bei yake mara nyingi huishinda ya volti 12 iliyo kubwa kuliko yenyewe. Balbu ni hivyohivyo. Chaja ya jirani haifai, pikapu ya mkwe haiwezi kubusti bila hatari, na taa ya kisasa ya kufanyia kazi usiku haiwaki. Mwenye trekta anaweza kuwa na viungo safi kama vya kiwandani na bado akakwama Jumamosi jioni kwa sababu duka la karibu halina anachotaka. Kwa mtu huyo kuhamia volti 12 ni busara. Analirudisha trekta lake kwenye ujirani.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana mfano wao wa gharama ya mtambo kukaa mbali na wenzake. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, ukianzia Kongwa, na ukapeleka huko matrekta ya mitumba yaliyobaki na vita, pamoja na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mradi ulivunjwa mwaka 1951. Ulishindwa kwa mambo mengi, mvua haba, udongo uliokauka ukawa kama saruji, na mipango iliyochorwa mezani na watu wasioijua ardhi. Lakini matrekta mengi yalikuwa yamekufa mapema kabisa, mbali na vipuri vyake. Mashine nzima isiyokuwa na jirani wa kuiazima kipuri ni chuma tu.

Ford 8N lenyewe lina udugu na matrekta ambayo mkulima wa Mbarali au Trans Nzoia anayajua. Mfumo wake wa kunyanyua jembe kwa mikono mitatu na haidroliki ulibuniwa na Harry Ferguson wa Ireland ya Kaskazini, aliyekubaliana na Henry Ford mwaka 1938 kwa kupeana mkono tu, bila karatasi. Trekta lao la kwanza, 9N, lilitoka 1939. Makubaliano ya mkono yalipovunjika Ferguson alikwenda mahakamani, na shauri likaisha mwaka 1952 kwa Ford kulipa dola milioni 9.25. Mwaka uliofuata biashara ya Ferguson iliungana na Massey-Harris, na kutoka hapo likazaliwa jina Massey Ferguson. Massey Ferguson 135, trekta la miaka ya sitini ambalo bado linalima, limezaliwa na volti 12. Ni mdogo wake 8N, na halijawahi kuyajua matatizo ya kaka yake.

Sasa kazi yenyewe. Inayo mitego, na mitego hiyo inafundisha kuliko maelezo yangu yote ya juu. Dainamo ya zamani na kidhibiti chake cha volti hutolewa, mahali pake inafungwa alternata, ambayo hutoa chaji hata injini ikizunguka polepole. Betri inabadilishwa, balbu zinabadilishwa. Stata ya volti 6 mafundi wengi huiacha. Itapokea volti maradufu na kuzunguka kwa kasi ambayo mwenye trekta hajapata kuiona, na hapo atafurahi sana. Lakini gia yake ndogo itayapiga meno ya flaiwili kwa nguvu zaidi, na akishikilia kitufe kwa muda mrefu ataipasha moto hadi kuiunguza. Ile habari ya ampea 75 haimhusu yeye, maana stata yake ni ileile ya zamani na haikuambiwa kwamba inapaswa kutumia nusu.

Koili inataka uangalifu zaidi. Matrekta ya 8N ya mwanzo yana distribyuta mbele ya injini, na koili ya umbo la boksi imekaa juu yake. Koili hiyo ikipewa volti 12 bila rezista ya kutosha, na mtu akasahau swichi ikiwa wazi injini imezima huku pointi zimefungana, mkondo unapita bila kukatizwa. Koili inachemka, inapasuka, na lami iliyo ndani yake inavuja. Ndiyo sababu wanaofanya kazi hii vizuri hununua koili ya volti 12 au huongeza rezista, nao hupima kwanza badala ya kubahatisha.

Bodi nayo ina siri. Ford 8N limefungwa chanya kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo ambayo hufunga hasi. Alternata ya kawaida inataka hasi. Mtu akiunganisha kwa mazoea ya zamani, dayodi zilizo ndani ya alternata zinaungua mara moja, na alternata mpya inakuwa kitu cha kuwekea mlango usijifunge. Geji ya ampea inasalimika, kwa kuwa yenyewe hupima mkondo na haijali volti ni ngapi. Ila asipobadilisha nyaya zake mbili, sindano itaonyesha betri inamwagika wakati inajazwa.

Mtego ninaoupenda kuliko yote ni wa kuzima. Mwenye trekta amemaliza kazi, injini imewaka kwa mguso mmoja, taa ni kali. Anazungusha swichi kuzima, na injini inaendelea kunguruma. Anautoa ufunguo kabisa, anauweka mfukoni, injini bado inanguruma. Alternata yenye nyaya tatu hupata uamsho wake kupitia waya mwembamba unaotoka kwenye swichi, waya uleule unaogusa njia ya koili. Swichi ikifungwa, umeme unarudi kinyumenyume kutoka alternata hadi koili, na cheche inaendelea kulishwa na mashine ambayo cheche hiyohiyo inaizungusha. Dawa ni dayodi moja ya bei ndogo kwenye waya huo, ipitishe upande mmoja tu, au balbu ndogo yenye kazi hiyohiyo. Aliyefunga vipuri kwa kufuata mchoro bila kuuelewa atahangaika siku nzima. Aliyeelewa njia ya umeme wakati anasafisha viungo vya volti 6 ataugundua waya huo upesi.

Hapo ndipo sababu zile mbili zinapoachana. Aliyekimbia ugonjwa anafika kwenye volti 12 bila kujua umeme wa trekta lake unapita wapi, na kila mtego unamkuta kama mchawi. Aliyehama baada ya kupima, kukwangua na kufunga upya anafika akiwa na ramani.

Wako pia wanaokataa katakata kuhama. Wanasema trekta la 1949 lenye alternata limepoteza asili, na kwamba mtoto atakayelikuta ataamini lilizaliwa hivyo. Siwabezi. Trekta linalotoka bandani kwa ajili ya maonyesho lina wajibu wa kusema ukweli kuhusu wakati wake, na volti 6 ni sehemu ya ukweli huo. Lakini trekta linalolima lina wajibu mwingine. Liliuzwa kama chombo cha kazi, na mkulima wa 1949 angelibadilisha bila kuomba radhi kama angepata kipuri bora. Heshima kwa trekta kama hilo ni kulitunza, na utunzaji haulazimishi volti 6 wala 12.

Wanaoamini kwamba suala hili ni la wapenzi wa vitu vikuukuu tu waangalie juu. Nguzo zinazoleta umeme kutoka Bwawa la Julius Nyerere hadi Chalinze zinabeba kilovolti 400, na zile zinazotoka Loiyangalani kwenye upepo wa Turkana hadi Suswa zinabeba hizohizo. Hakuna anayetumia kilovolti 400 nyumbani. Zimepandishwa ili mkondo upungue na waya upoteze kidogo, kwa hesabu ileile ya ampea 150 na 75. Magari nayo yanasogea tena. Tesla ilipotoa pikapu yake ya Cybertruck mwaka 2023 iliacha volti 12 kwenye mfumo wa umeme mdogo ikaenda 48, ili nyaya ziwe nyembamba. Mtaa unahama kwa mara nyingine, na siku moja betri ya volti 12 itakuwa ya kuagizwa. Kila aliyehamisha trekta lake atajikuta tena mpweke, mwanawe akisikia ushauri uleule kutoka kwa shemeji mwingine.

Ndiyo maana kanuni ya kuchagua volti haiwezi kuwa kufuata namba inayopanda. Kwanza mwenye trekta apime zile 6 zinaishia wapi. Abadilishe waya uliooza, akwangue rangi palipo na mguso, akaze nati. Trekta likishawaka kwa volti zake za kuzaliwa hata asubuhi ya baridi, yuko huru. Anaweza kubaki hapo, au anaweza kuhamia 12 kwa kuwa betri inauzwa dukani kwa jirani na pikapu ya mkwe inaweza kumsaidia siku ya dhiki. Mtu huyo anahama baada ya kumaliza matengenezo. Aliyehama kabla hajapima ameyaacha matengenezo nyuma yakimfuata, na yatamkuta njiani, safari hii yakiwa na volti 12.